Anemoni wa Bahari: Mmoja Aweza Kuwa Wawili

Mkulima wa migomba hapandi mbegu. Huchimba chipukizi ubavuni mwa mgomba mama, akalipanda mahali pengine, na baada ya muda ana mgomba wa pili ulio sawa na wa kwanza. Mkulima wa viazi vitamu naye hukata vipande vya mashina na kuvichomeka katika matuta. Katika bahari yetu yuko mnyama ambaye aweza kuongezwa karibu kwa njia hiyo hiyo. Jina lake ni anemoni, na watu wanaofuga viumbe vya bahari nyumbani, katika matangi ya kioo, hupenda sana kuwa naye.

Lakini yafaa msomaji ajue tangu mwanzo: mnyama huyu akigawanywa na mtu mwenye haraka, hufa, na aweza kuua kila kilichomo katika tangi. Akigawanywa na mtu mwenye subira, hapana haja tena ya kwenda kumng'oa mwingine mwambani.

MNYAMA HUYU NI WA NAMNA GANI

Wavuvi wa pwani wamemwona mara nyingi maji yanapokupwa. Amekaa juu ya jiwe kama ua lililochanua, naye si ua. Chini ana mguu mmoja mpana wa kushika jiwe. Juu ana mikono mingi laini iliyouzunguka mdomo, na mikono hiyo huwasha. Mdomo ni mmoja tu: chakula huingia hapo, na mabaki hutokea hapo hapo. Ndani ya mwili wake umo mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo sababu anemoni wa namna hii akikosa mwanga hudhoofika, hata kama analishwa.

Katikati ya mikono yake hukaa samaki wadogo wenye mistari myeupe, ambao hawadhuriki kwa kuwashwa. Samaki hupata kinga dhidi ya adui, na anemoni hupata mbolea ya kinyesi chao na walinzi wa kufukuza samaki wanaomla. Kwa hiyo amwondoaye anemoni mmoja mwambani amebomoa nyumba ya wengine pia.

KWA NINI TUWAZALISHE

Anemoni huishi miaka mingi sana. Mwaka 1828 Sir John Dalyell wa Scotland alimtoa anemoni mmoja pwani akamweka katika chombo cha kioo. Dalyell alikufa mwaka 1851, lakini anemoni aliendelea kutunzwa mjini Edinburgh na watu wengine, mmoja baada ya mwingine. Walimwita Granny, yaani Nyanya. Alikufa mwaka 1887, baada ya kukaa katika kioo miaka 59, naye alikuwa amezaa watoto zaidi ya 300. Alikuwa wa aina nyingine, ambayo huzaa watoto bila kukatwa, lakini fundisho ni moja: maji safi na matunzo ya kila siku yalitosha.

Mnyama anayeishi hivyo harudi upesi akimalizwa. Tena mwamba wetu umekwisha kupata taabu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Anemoni naye hupauka kwa joto la namna hiyo, kwa kuwa hupoteza ule mwani wake. Hivyo kila anemoni aliyezaliwa katika tangi ni mmoja aliyeachwa baharini.

AINA INAYOFAA

Si kila anemoni anafaa kugawanywa. Aliye bora kwa kazi hii ni yule ambaye ncha za mikono yake huvimba kama mapovu. Wataalamu humwita Entacmaea quadricolor, naye hupatikana katika Bahari ya Hindi, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Huyu hujigawa mwenyewe hata baharini, na ndiyo sababu katika maji ya kina kifupi huonekana wengi wamesongamana. Wale wakubwa walio bapa kama zulia usiwaguse kwa wembe. Hao hutegemea zaidi mayai na mbegu, na wakikatwa wengi hufa.

TAYARISHA TANGI KWANZA

Tangi liwe la lita 200 au zaidi, na liwe limekaa na mawe na viumbe vingine kwa muda usiopungua miezi 6. Mwaka mmoja ni bora. Tangi jipya halina bado vijidudu vya kutosha vya kuusafisha uchafu.

Maji yawe na joto la digrii 25 au 26 za Sentigredi. Chumvi iwe kama ya bahari, yaani gramu 35 katika kila kilo ya maji. Ukiteka maji baharini, teka wakati yamejaa, mbali na mdomo wa mto, wala usiteke baada ya mvua kubwa. Aliye bara atumie chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, inayouzwa kwa ajili ya matangi. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo.

Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi wala dawa ya bomba. Wengi hukosea hapa. Maji hukauka lakini chumvi hubaki, na ukiongeza maji ya bahari, chumvi huzidi siku kwa siku.

Anemoni hutembea. Basi funika kwa wavu tundu la pampu inayovuta maji, asije akavutwa na kusagwa. Tena uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri kwa siku ambayo umeme utakatika.

MLISHE, KISHA UNGOJE

Njia nzuri kuliko zote ni kumwacha ajigawe. Mpe kipande kidogo cha samaki au kamba mara moja au mbili kwa juma, kisichozidi ukubwa wa mdomo wake. Mpe mwanga mkali saa 8 hadi 10 kila siku. Anemoni aliyeshiba na kutulia hufika siku akajivuta pande mbili, mpaka akapasuka wakawa wawili. Lakini angalia: hata mgonjwa aweza kujigawa kwa sababu ya shida. Kwa hiyo usihesabu idadi tu, tazama na afya.

KUMKATA

Ukiamua kukata, chagua aliyekaa katika tangi lako miezi mingi bila ugonjwa, anayekula vizuri, ambaye mdomo wake umefumba, na ambaye akifunguka hufikia upana wa sentimita 10 au zaidi. Aliyeletwa juzi usimkate.

Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Tayarisha wembe mpya na ubao safi uliosuuzwa kwa maji ya chumvi, usiotiwa sabuni. Kisha ufuate hatua hizi:

1. Mwondoe juu ya jiwe polepole, ukipenyeza kadi laini ya plastiki chini ya ukingo wa mguu. Usimvute. Mguu ukichanika, taabu huanza hapo.

2. Mweke juu ya ubao, mdomo ukiwa juu. Atajikunja. Ngoja mpaka uone mdomo uko wapi.

3. Mkate kwa pigo moja, katikati ya mdomo mpaka mguuni, ili kila nusu ipate sehemu ya mdomo na sehemu ya mguu. Usikereze kama msumeno.

4. Rudisha nusu zote mbili majini mara moja, ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu na vijiwe, mahali maji yanapopita polepole.

Usijaribu kumkata vipande vinne. Wawili wazima ni faida kuliko wanne wanaooza.

KUUGUZA

Siku za kwanza nusu hizo zitajikunja na kutoa ute. Usizilishe, maana hazina mdomo kamili. Badilisha sehemu ya maji, kama lita 1 katika kila 10, ili ute usichafue tangi. Baada ya siku chache mguu hushika jiwe, na kingo za jeraha hukutana. Katika majuma 2 hadi 4 utaona umbo la duara limerudi na mdomo uko katikati. Hapo ndipo uanze kulisha, kwa kipande kidogo kama punje ya mchele.

Chungulia kila asubuhi na jioni. Ukiona nusu moja inayeyuka, inanuka au inaachana vipande vipande, itoe upesi bila huruma. Anemoni mmoja akioza usiku, asubuhi waweza kukuta samaki wote wamekufa. Na hao wawili waliopona usiwakate tena mpaka wawe wakubwa kama mama yao. Hiyo ni kazi ya miezi mingi.

MAGUGU YA TANGI

Yuko pia anemoni mdogo wa rangi ya kahawia aitwaye Aiptasia, ambaye huingia pamoja na mawe. Huyu ni kama ndago shambani. Mwenye shamba akiikatakata ndago kwa jembe huizidisha, na Aiptasia akikatwa au kukwanguliwa, kila kipande kilichobaki huota kuwa mzima. Usimguse kwa kisu. Liondoe jiwe lenyewe angali mmoja.

SHERIA

Katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuchukua kiumbe chochote. Mahali pengine, kabla ya kuchukua anemoni mama au kuuza watoto wake, uliza kwanza katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe juu ya leseni. Wala usimwage baharini viumbe vya tangi, maana huenda vikapeleka ugonjwa.

Basi, ndugu msomaji, mambo ni machache: tangi lililokomaa, mama mwenye afya, pigo moja la wembe mkali, na majuma ya kungoja. Mtu akishika hayo, baada ya miaka michache aweza kuwagawia jirani zake, na anemoni wa mwambani wakabaki pale walipo, na samaki wao ndani yao.