Nani Ndugu Mbele ya Sheria ya Marekani?

Kuna swali ambalo hurudi kila mara Bunge la Marekani, yaani Congress, linapozozania uhamiaji. Mtu ana dada yake kule Minneapolis au Houston. Dada amekuwa raia na amemwandikia kaka yake ombi. Kaka anangoja Mombasa au Dar es Salaam. Siku moja anasikia kwamba kuna muswada wa kuyafuta mambo hayo. Anauliza: je, ombi langu limekufa?

Jibu fupi ni kwamba muswada si sheria. Jibu refu lina faida zaidi, na ndilo tutakalolitazama leo.

Kwetu sisi neno ndugu ni pana. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na aliyelelewa nawe nyumba moja ni ndugu. Sheria ya Marekani haina upana huo. Shangazi, mjomba, babu na bibi hawana fungu lao. Wenye nafasi wamegawanywa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni jamaa wa karibu wa raia: mume au mke, watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, na wazazi, mradi raia mwenyewe ametimiza miaka 21. Hawa hawakuwekewa kikomo cha idadi kwa mwaka.

Fungu la pili ndilo lenye foleni. Humo wamo watoto wakubwa wa raia na ndugu zake wa baba au mama. Wamo pia mke, mume na watoto wasio na ndoa wa mtu ambaye bado si raia bali ana kibali cha ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani. Kwa kawaida fungu hili hupata viza 226,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Ndugu hutengewa 65,000, pamoja na wake, waume na watoto wanaofuatana nao. Tena, nchi moja haitakiwi kupita asilimia 7 ya viza za foleni. Ndiyo maana ndugu wa raia hungoja zaidi ya miaka 15, na wale wa Mexico na Ufilipino zaidi ya hapo.

Mpango huu ulitokana na sheria aliyoitia sahihi Rais Lyndon Johnson tarehe 3 Oktoba 1965. Sheria hiyo ilifuta mgawo uliowapendelea Wazungu wa kaskazini na magharibi ya Ulaya. Mbunge Michael Feighan wa Ohio alisisitiza kwamba jamaa wapewe nafasi ya mbele, kwa hesabu kwamba wenye jamaa wa kuita ni Wamarekani wa asili ya Ulaya. Hesabu hiyo ilikosea. Waliokuja kwa wingi walitoka Asia na Amerika ya Kilatini, na baadaye Afrika.

Tangu hapo majaribio ya kuubadili hayakukoma. Mwaka 1995 tume iliyoongozwa na Barbara Jordan, mama Mweusi wa Texas aliyepata kuwa mbunge, ilishauri nafasi za ndugu na za watoto wakubwa zifutwe, ili wake na watoto wadogo wasikawizwe. Mwaka 1996 Congress haikukubali. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha, kwa kura 68 dhidi ya 32, muswada wa kufuta nafasi za ndugu. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Mwaka 2017 Maseneta Tom Cotton na David Perdue walitaka wabaki mume, mke na watoto wadogo tu. Mzazi angepewa viza ya muda, bila ruhusa ya kufanya kazi. Rais Donald Trump aliwaunga mkono, lakini muswada huo haukupita.

Wanaotaka kufuta huuita mpango huu mnyororo: mmoja humvuta wa pili, naye wa pili humvuta wa tatu. Hebu tuupime mnyororo huo. Dada anafika akiwa na miaka 25. Kwa kawaida anangoja miaka 5 ndipo aombe uraia. Akiisha kuupata, anamwandikia kaka yake, na miaka 17 inapita. Kaka anapotua uwanja wa ndege, dada ana zaidi ya miaka 47. Binti wa kaka, aliyekuwa na miaka 8 ombi lilipopelekwa, sasa ana 25. Amepita miaka 21, na huenda akaachwa. Sheria ya 2002 humpunguzia umri kwa muda ambao serikali ilikaa na ombi kabla ya kulikubali, lakini si kila mara muda huo unatosha. Hapo baba huchagua: aende amwache binti, au abaki na nafasi ipotee.

Hoja ya mama Jordan ni nzito, kwa maana mke wa mwenye kadi ya kijani naye yumo katika foleni. Lakini kila muswada tuuulize maswali mawili. Nafasi zinazofutwa, wanapewa wake na watoto, au zinatupwa? Na waliokwisha kupanga foleni, wanalindwa? Muswada wa 2013 uliwaondolea wake na watoto wadogo kikomo cha idadi, na ukawatengenezea njia waliokuwa wakingoja. Ule wa 2017 ulikusudia kupunguza wahamiaji kwa nusu, na wengi waliokuwa kwenye foleni wangefukuzwa humo. Kufunga mlango kwa wajao ni haki ya mwenye nyumba. Kumfukuza uliyemwambia angoje, ukachukua ada yake, ni jambo jingine.

Tukumbuke pia kwamba mlango waweza kuzuiwa bila muswada. Juni 2025 tangazo la Rais lilisimamisha viza za wahamiaji kwa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo.

Basi, ndugu yangu unayengoja, usimlipe mtu anayedai ataisogeza foleni. Itunze stakabadhi yako, maana tarehe iliyoandikwa humo ndiyo nafasi yako.