"Mboga" ya Mshauri na "Mboga" ya Mpishi

Mwaka 1975 Tanzania iliendesha kampeni ya lishe kwa redio na vikundi vya kujisomea, kwa jina "Chakula ni Uhai". Mkoa wa Kagera ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Maneno hayo ni mepesi. Hata hivyo yafaa tuulize msikilizaji wa Bukoba au Muleba alielewa nini aliposikia neno "chakula". Kwa Wahaya, chakula hasa ni ebitoke, yaani ndizi za kupika. Maharagwe, dagaa na nyama ni vya kusindikizia. Kwa sikio la namna hiyo, kusifu chakula ni kuusifu mgomba.

Utata mkubwa zaidi umo katika neno "mboga". Kitabu cha shule hukusudia majani. Jikoni, katika sehemu nyingi za bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na chakula kikuu. Ndiyo maana mtu husema, bila utani, kwamba mboga ya leo ni nyama. Mama wa Muleba aliyepika ndizi kwa maharagwe, akishauriwa ale mboga kila siku, atajibu kwa haki kwamba ndivyo afanyavyo. Protini ameipata: maharagwe makavu yana gramu 20 hivi katika kila gramu 100, ilhali ndizi mbichi haifikishi gramu 2. Lakini vitamini A, iliyomo kwa wingi katika mchicha na majani ya maboga, hakuipata katika maharagwe. Mshauri amekubaliwa pasipo kueleweka.

"Mlo kamili" nao huchukuliwa kwa urahisi kuwa mlo wa kushibisha. Sehemu kubwa ya ndizi iliyopikwa ni maji, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Hujaa kabla mwili haujapata mahitaji yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Kagera, penye migomba mwaka mzima, watoto wapatao 42 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Wastani wa nchi ulikuwa 34. Sidai kwamba maneno ndiyo yaliyowadumaza. Maradhi na umaskini vimo.

Ama "chakula bora", neno "bora" huwaelekeza wengi kwenye vitu vya dukani, wakati senene na dagaa wa ziwani wako karibu nao.

Mwalimu aweza kulipima jambo hili darasani. Awaambie wanafunzi waandike mboga waliyokula jana nyumbani, kisha ahesabu ni wangapi walioandika majani.