UZI: Chupa ikishakunywewa, nani analipa?

1/ Mdahalo wowote ukifika kwa mazingira, utasikia majibu matatu: "Plastiki tulishapiga marufuku." "Marufuku inaua kazi." "Wananchi ndio wachafu." Wafuasi wanapiga makofi, mada inafungwa. Leo nayachambua yote matatu. Sitaji mtu wala chama. Twende.

2/ "Tulishapiga marufuku." Hiyo ni nusu ya ukweli. Tangu 28 Agosti 2017, mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni kosa: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, jela mwaka 1 hadi 4, ama vyote viwili. Na ilisaidia, tusidanganyane. Lakini karatasi ya mkate, pakiti ya maziwa na chupa ya soda hazikuguswa. Juni 2020 chupa na vikombe vya kutumia mara moja vilikatazwa, ila ni ndani ya mbuga, fuo na misitu inayolindwa. Mtaani kwako katazo hilo halikufika.

3/ Basi hizo chupa zinaenda wapi? Kwa mtaro. Mvua ikinyesha maji yanakosa njia, yanaingia kwa nyumba yakiwa yamebeba uchafu wa choo. Hapo ndipo kipindupindu hupata mlango. Yakituama, mbu wanazaana. Na ng'ombe akila nailoni, haimeng'enywi. Inajaa tumboni hadi anakonda na kufa.

4/ Zingine tunachoma. Nimelelewa na jiko linalowashwa kwa nailoni, na tuliona ni ujanja wa kuokoa mafuta taa. Kumbe moshi ule una chembe ndogo sana zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Plastiki yenye klorini, kama PVC, ikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi, huvuruga homoni na inaweza kuleta saratani. Anayeivuta kwanza ni anayepika, na mtoto aliye mgongoni.

5/ "Inaua kazi." Hofu hii si ya kuchekwa. Mtu akifungiwa kiwanda, watoto wake hawali hotuba. Lakini kuna kazi nyingine hatuitaji: waokota taka. Dampo la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Watu wanachambua chupa pale wakiuza kwa kilo, wengi bila glavu wala barakoa. Hao ndio wanaosafisha bidhaa za wengine kwa bei ya kutupwa.

6/ "Wananchi ni wachafu." Wengine ndio, nakubali. Lakini kama gari la taka halipiti, nidhamu yangu itabeba hiyo takataka hadi wapi? Jedwali la Nne la Katiba linasema kuzoa taka ni kazi ya kaunti. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamwambia mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya wewe kuitumia.

7/ Kwa hivyo mgombea wako akisema "tutasafisha mji", usishangilie bado. Muulize: chupa ikishakunywewa, gharama ya kuirudisha ni ya nani, na itaanza kulipwa lini? Akikwepa, jua jibu ni lile la siku zote: italipwa na kifua cha anayeishi karibu na moshi.