Ashukaye na Abakiaye Juu

Jua la saa tano limekwisha kuwa kali. Kisima cha uani kimepungua maji, na fundi ameshuka kwa kamba ili azoe tope. Zinapita dakika chache, kisha sauti yake haisikiki tena. Nduguye anainama ukingoni, anaita mara mbili, anamwona amelala chini kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Hangoji, anashuka. Naye hapandi. Jirani aliyesikia ukelele wa wanawake anakuja mbio, anavua viatu, anashuka vilevile. Kabla ya adhuhuri ua mmoja umepata misiba mitatu, na wawili kati ya waliokufa hawakuwa na kazi yoyote kisimani isipokuwa huruma.

Kisa hicho hakina jina la kijiji, kwa kuwa hutokea katika vijiji vingi na katika miji yenye viwanda vikubwa pia. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika mahali pa namna hiyo walikuwa watu waliokwenda kuwaokoa wenzao. Yaani katika kila watu 5 waliokufa, 3 walikuwa wamesimama salama juu, wakashuka kwa hiari yao.

Ndiyo maana mafunzo ya kazi hii hayaanzi na jinsi ya kushuka. Huanza na jinsi ya kubaki juu.

ADUI ASIYEONEKANA

Mahali palipofungika ni mahali penye mlango mdogo, ambapo hewa haizunguki, na ambapo hapakutengenezwa ili mtu akae. Kisima ni mahali hapo; kadhalika shimo la choo, shimo la maji machafu, tangi la mafuta, ghala la chuma la nafaka, tumbo la meli na handaki la mabomba.

Hewa tuvutayo kila siku ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, wataalamu huhesabu kuwa ni hatari. Ikifika karibu 16, moyo hupiga mbio na akili huanza kupotoka. Ikifika 10, mtu huzimia. Na ikiwa chini ya 6, hufa kwa dakika chache. Oksijeni huweza kuliwa na vitu visivyodhaniwa kabisa. Tangi tupu la chuma lililofungwa kwa muda mrefu huifyonza kwa kutu yake, na takataka zinazooza huimaliza na kuacha gesi nyingine mahali pake.

Kinachotisha zaidi ni kwamba mwili hautoi onyo. Mtu hujisikia kukabwa roho si kwa sababu oksijeni imepungua, bali kwa sababu kabonidayoksaidi aitoayo mwenyewe imemzidi. Pale ambapo oksijeni haipo lakini anaweza kuendelea kutoa pumzi, hajisikii vibaya. Huweza hata kuchangamka, kisha magoti yakamlegea.

Gesi zenye sumu nazo zina hila zake. Ile ya vyoo na maji machafu, haidrojeni salfaidi, hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni huua uwezo wa pua wa kunusa, na mtu hudhani imeondoka. Ikizidi 700, pumzi chache tu zatosha kumwangusha. Methani haina harufu, nayo hulipuka kwa cheche ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Tena iko kaboni monoksaidi, itokayo katika pampu ya petroli ambayo watu huiteremsha kisimani ili ivute maji, na pia katika jiko la makaa lililowashwa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo haina harufu wala rangi.

Wazee walikuwa wakiteremsha taa kisimani, ikizimika, hawakushuka. Hiyo ilikuwa busara, lakini haitoshi. Taa huzimika oksijeni ikipungua, ila haisemi lolote juu ya sumu, na pakiwa na methani huweza kulipua shimo zima. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza nao walichukua ndege aina ya kanari, kwa shauri la mwanasayansi John Scott Haldane katika miaka ya 1890, kwa kuwa ndege huyo hulegea kabla ya mtu. Tangu mwaka 1986 kazi ya ndege hao ilianza kuchukuliwa na vyombo vya kupimia. Leo kipima gesi hushushwa kwa kamba, kikapima juu, katikati na chini, maana gesi nyingine hupanda na nyingine hutuama.

FUNZO LA ZIWA ERIE

Usiku wa tarehe 24 Julai 1916, gesi ililipuka katika handaki la maji lililokuwa likichimbwa chini ya Ziwa Erie, karibu na mji wa Cleveland, Marekani. Wafanyakazi walinaswa ndani. Waokoaji waliingia bila ya vyombo vya kuwafaa, nao wakaangushwa na gesi ile ile. Wakaingia wengine kuwafuata, nao yakawapata hayo hayo.

Ndipo akaitwa Garrett Morgan, Mmarekani Mweusi, mwana wa wazazi waliopata kuwa watumwa. Mwaka 1914 alikuwa amepewa hati ya kumiliki uvumbuzi wa kofia inayofunika kichwa chote, yenye mirija mirefu iliyoshuka karibu na ardhi, ambako moshi huwa haba. Alikuja na nduguye Frank, wakavaa kofia hizo, wakaingia pale ambapo wengine walikuwa wameshindwa. Walitoa watu waliokuwa bado hai, na maiti pia. Sifa alizostahili hazikumfikia upesi, kwa ajili ya rangi yake.

Kofia ya Morgan haitumiki leo, kwa kuwa ilitegemea hewa iliyokuwamo mle mle handakini. Lakini jambo aliloonyesha usiku ule halijabadilika: ujasiri wa waliotangulia haukuwa mdogo kuliko wake. Tofauti ilikuwa kwamba yeye aliingia akiwa amejitayarisha.

KINYAGO SI HEWA

Hapa askari hawana budi kusikiliza kwa makini. Kinyago cha gesi kijulikanacho jeshini na polisi huchuja hewa; hakitengenezi hewa. Kikivaliwa mahali penye oksijeni kidogo, humchujia mvaaji hewa ile ile isiyoweza kumhuisha, naye hufa akiwa amekivaa barabara. Kitambaa chenye maji kilichofungwa puani hakifai hata kidogo.

Chombo kifaacho ni kile chenye hewa yake chenyewe: mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, ubebwao mgongoni na kuunganishwa na barakoa ya uso mzima. Mtungi wa lita 6 uliojazwa kwa shinikizo mara 300 ya hewa ya kawaida una lita kiasi cha 1,800. Mtu anayefanya kazi ya wastani hutumia lita 40 kwa dakika, hivyo hewa hiyo ni ya dakika 45. Akifanya kazi ngumu au akihangaika, akatumia lita 60, zinabaki dakika 30 tu.

Na dakika hizo si zote za kazi. Ikiwa kuingia kumeishusha geji kutoka 300 hadi 240, basi kutoka nako kutahitaji alama 60 au zaidi, na juu yake akiba isiyoguswa. Kipenga cha mtungi hulia geji ikikaribia 55. Aliyefunzwa vyema, wakati huo kinapolia, huwa amekwisha kufika nje.

DARASANI NA UWANJANI

Mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kwanza kukagua chombo: mtungi, mikanda, mpira wa barakoa. Hunyoa ndevu, kwa kuwa nywele chache kati ya ngozi na mpira huvujisha hewa. Huivaa barakoa, akafunga hewa kwa kiganja na kuvuta pumzi. Isipomnata usoni, haendi popote.

Kisha hupelekwa katika chumba cha giza chenye moshi, atambae huku mkono mmoja ukifuata ukuta, asije akapoteza njia ya kurudi. Hubanwa katika bomba jembamba hadi hofu imjie, ajifunze kutulia na kupumua polepole. Wapo wanaovua barakoa kwa hofu hapo. Na ni heri wajulikane uwanjani kuliko shimoni.

Lakini mtihani mgumu zaidi ni wa mwangalizi wa juu. Huyu hushika kamba, huandika saa ya kuingia na alama ya geji ya kila mtu, na haruhusiwi kutoka pale kwa sababu yoyote. Mwenzake hufungwa mshipi wa kifuani na mabegani tangu kabla ya kushuka, na kamba yake hupitishwa katika roda iliyotundikwa juu ya mguu-tatu. Katika zoezi, aliye chini hujifanya amezimia. Mwangalizi anatakiwa apige mbiu, azungushe winchi, amvute. Akichukua hata hatua moja kuelekea ngazi, ameanguka mtihani.

NYUMBANI

Si kila ua unaweza kuwa na mitungi na vipimo, lakini kila ua unaweza kuwa na amri zake. Watoto wazuiwe kukaribia mashimo, na mifuniko iwe mizito. Pampu ya petroli iwekwe juu, mbali na mdomo wa kisima. Choo kilichojaa kisishukiwe. Kinyonywe kwa mashine, au lichimbwe shimo jipya. Fundi asiye na kipimo, kamba ya mshipi na mtu wa kumvuta, asiruhusiwe kushuka hata kama ameshuka mara 20 hapo kabla, kwani shimo la leo si la jana.

Na ikitokea kwamba mtu ameanguka ndani, wa kwanza kufika na azuie wengine, kwa nguvu ikibidi. Awaite zimamoto, polisi au kambi iliyo jirani. Ikiwa aliyeanguka alifungwa kamba, avutwe. Ikiwa kuna feni au mashine ya kupuliza, hewa safi isukumwe ndani, na mashine yenyewe ikae mbali na mdomo wa shimo.

Mke wa askari aliyemshika shemeji yake shati asishuke, huku akililia aliye chini, asije akalaumiwa kwamba moyo wake ni mgumu. Huenda yeye peke yake, katika ua ule mzima, ndiye aliyezuia tanga la pili.