Tazama Nyonga ya Kuku Kwanza

Swali limefika tena wiki hii, na kama kawaida limekuja na picha ndani ya simu. Safari hii ni sanamu mpya ya dinosaria mwenye shingo ndefu. Bado haijaingia sokoni. Aliyenionyesha ni kijana wa Kibaoni, hapa Ifakara, anayekusanya sanamu za namna hiyo na ambaye ameshaweka fedha kando akiisubiri. Watengenezaji wanajinadi kwamba ni sahihi kisayansi. Yeye ana mashaka. "Shikamoo daktari. Huyu si ndiye mjusi wetu wa Tendaguru, kule Lindi? Mbona miguu wameisimamisha kama ya tembo? Mjusi gani anasimama hivi?"

Marahaba. Nimeulizwa hivyo na fundi cherehani, na mwalimu mstaafu, na abiria aliyekaa pembeni yangu kwenye treni ya TAZARA kutoka Mlimba. Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa kuwa niliwahi kufundisha anatomia, watu wameamua kwamba kila mfupa ni wangu. Wananiletea mifupa iliyofukuliwa mashambani, na kila mara naitambua kuwa ya kiboko, nyati au tembo, kwa sababu udongo wa mashamba yetu ya mpunga uliletwa na mto juzijuzi tu kwa hesabu za miamba. Ile miamba ya Udzungwa nayo ilipikwa kwa joto na mgandamizo kabla hajawepo mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo dinosaria wa Mang'ula msimtafute. Hilo halinichoshi, mtu akinunua soda namweleza hata mara mbili. Linalonichosha ni hilo neno mjusi.

Neno lenyewe tumelirithi. Mwaka 1842 Mwingereza Richard Owen alibuni jina la kundi hili kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la kutisha na jingine la mjusi. Lakini Owen huyohuyo aliwatenga na mijusi kwa namna nyonga zao zilivyojengwa na miguu yao ilivyosimama. Alikuwa anasema hawa si mijusi huku akiwaita mijusi, na dunia ikashika jina ikaacha maelezo. Jongoo bahari hana undugu na jongoo, na hakuna mvuvi anayehangaika na jina hilo. Kwa mnyama wa Tendaguru tumekataa kuelewa. Magazeti yameandika mjusi, wabunge wamesimama bungeni kudai mjusi arudishwe kutoka Ujerumani, na leo kijana mwenye akili zake anataka kuikataa sanamu kwa sababu haitambai.

Basi tufanye hivi. Siku mkichinja kuku, usiache watoto watafune mgongo wote. Ng'oa paja, safisha nyama, kisha tazama mahali kichwa cha fupaja kilipokuwa kimekaa. Si kibakuli. Ni tundu. Kuna utando mwembamba umeliziba. Utoboe kwa njiti na utaona mwanga wa upande wa pili. Sasa chukua fupaja lenyewe. Kichwa chake kimepinda kuelekea ndani, kama kona ya bomba la maji, ili mfupa uliobaki ushuke wima chini ya mwili. Tundu lililopenya na kichwa kilichopinda ndivyo vitu viwili tunavyovitafuta kwanza mtu anapotuletea nyonga ya mnyama wa kale na kutuuliza kama ni dinosaria.

Kenge ana habari nyingine. Nilimfungua mmoja aliyegongwa na gari njia ya Mang'ula. Nyonga yake ina kibakuli kilichofunga, na fupaja linatoka pembeni, likienda sambamba na ardhi kabla goti halijashuka. Kenge hasimami juu ya miguu yake kama meza. Ananing'inia katikati yake, kama mtu anayepiga pushapu. Mnyama wa kilo tano anaweza kuishi hivyo. Mnyama wa tani nyingi, mara tano au sita ya tembo, hawezi kupiga pushapu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Na tusiishie kwenye kuku. Maji yakipungua kwenye tambarare ya Kilombero, nenda ukasome tope kabla halijakauka. Kenge huacha nyayo mbalimbali, kushoto na kulia, na katikati mstari wa mkia unaopinda kama nyoka. Tembo huacha nyayo zinazokaribiana na mstari mmoja, utadhani amepita kwenye ubao. Njia za dinosaria zilizogeuka kuwa jiwe, kuanzia Marekani na Bolivia hadi China na Lesotho, zinafanana na ya tembo kwa ufinyu wake, na alama ya mkia uliokokotwa ni adimu sana. Mnyama mwenyewe ametuandikia alivyotembea. Sisi tunabishana naye kwa sababu ya jina alilopewa na Mwingereza.

Ujue kwamba kosa hili limewahi kufanywa na wasomi wakubwa kuliko wewe na mimi. Tajiri Andrew Carnegie alipogawa nakala za mifupa ya Diplodocus, London ikapata yake mwaka 1905 na Berlin mwaka 1908, Oliver Hay wa Marekani na Gustav Tornier wa Ujerumani walilalamika kwamba mnyama amesimamishwa vibaya. Walitaka atambae, viwiko na magoti nje, kama mjusi. Tornier alichora picha yake ya kumvunja mifupa mnyama wa watu mwaka 1909. Mwaka uliofuata William Holland, mkurugenzi wa makumbusho ya Carnegie, akamjibu kwa dhihaka. Alionyesha kwamba ukiilaza miguu hivyo, kifua chenye kina kile kinashuka chini ya usawa wa nyayo, na mnyama angehitaji mfereji wa kupitishia tumbo kila aendako. Mjadala ungepaswa kufa siku hiyo.

Utamu wa kisa ni kwamba mwaka 1911 mmoja wa wanyama wenye shingo ndefu kutoka Tendaguru alipewa jina la heshima la Tornier. Anaitwa Tornieria africana mpaka leo. Bwana aliyetaka wanyama hao watambae amekaa milele juu ya kaburi la mmoja wao, huko Lindi, na sisi tunaendelea kumpigania bila hata kumjua.

Tukija kwa yule maarufu wa Tendaguru, aliyechimbwa na msafara wa Wajerumani wa kati ya 1909 na 1913, akabebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi hadi bandari ya Lindi: Werner Janensch alimpa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na mwaka 1937 akasimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Nyuma miguu ilinyooka, sawa. Mbele Janensch aliweka viwiko nje kidogo, kama mjusi, na mkia ukaburutwa chini. Kwa miaka 70 sanamu nyingi duniani ziliiga mkao huo. Makumbusho yalipokarabatiwa, mifupa ikateremshwa na kuunganishwa upya, na mwaka 2007 mnyama akarudi akiwa na miguu ya mbele iliyosimama wima na mkia hewani, kimo chake mita 13.27. Kwa hiyo, kijana wangu wa Kibaoni, sanamu unayoilaumu imefuata marekebisho. Picha uliyonayo kichwani ndiyo ya 1937.

Mijusi na nyoka ni ukoo mmoja. Dinosaria, mamba na ndege ni ukoo mwingine, na koo hizo ziliachana zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Ukitaka ndugu wa mnyama wa Tendaguru hapa bondeni, mtazame kwanza kuku anayedonoa pumba mlangoni, kisha mamba wa mtoni. Mjusi wa ukutani ni jirani wa mbali anayekuja msibani kwa ajili ya pilau.

Sasa hilo la "sahihi kisayansi". Si nembo ya TBS, shirika la viwango. Hakuna ofisi inayopima sanamu za dinosaria na kugonga muhuri. Maneno hayo, yakitumiwa kwa uaminifu, yana maana kwamba sanamu haipingani na mifupa inayojulikana kwa sasa, na sehemu isiyojulikana imejazwa kwa busara. Mwaka 1854 Benjamin Waterhouse Hawkins aliwajenga wanyama wakubwa kwa saruji kwenye bustani ya Crystal Palace, London, kwa ushauri wa Owen mwenyewe. Sanamu hizo zilikuwa sahihi kisayansi kwa wakati wake. Iguanodon wake ana pembe puani. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart, Ubelgiji, walipoanza kufukua mifupa kamili, pembe ile ikajulikana kuwa ni mwiba wa kidole gumba.

Kwetu kuna Kentrosaurus, mnyama wa kama mita nne na nusu, aliyepewa jina na Edwin Hennig mwaka 1915. Ana bapa mbele na miiba kuanzia katikati ya mgongo kwenda mkiani. Mwiba wake mrefu wa ubavuni uliwekwa nyongani kwa miongo mingi. Wengi sasa tunauweka begani, baada ya ndugu zake wa China kukutwa nao huko. Elaphrosaurus, dinosaria mwembamba wa Tendaguru, fuvu lake halijapatikana. Kila kichwa unachokiona kwenye sanamu yake kimeazimwa kwa jamaa. Rangi? Mfupa hausemi rangi. Yapo manyoya na ngozi chache za China na Kanada zilizohifadhi chembe za rangi, lakini mifupa ya Tendaguru haina habari hiyo, kwa hiyo msanii akiwapaka milia ya kitenge usimpeleke mahakamani.

Haya, mliobaki na pochi mkononi, haraka haraka maana mhariri ananihesabia mistari. Sanamu ikiandikwa Brachiosaurus na ina kichwa chenye nundu juu ya pua, kuna uwezekano mkubwa ni yule wa kwetu: Gregory Paul alipendekeza jina la Giraffatitan mwaka 1988, na mwaka 2009 Michael Taylor akaonyesha tofauti 26 kati yake na yule wa Marekani. Tazama nyayo za mbele: ziwe nguzo yenye ukucha mmoja tu, wa gumba, si vidole vya tembo vilivyopangwa mbele. Nyuma, makucha matatu. Matundu ya pua yasikae utosini. Tangu kazi ya Lawrence Witmer ya 2001 yanawekwa mbele, karibu na mdomo. Mla nyama awe na viganja vinavyotazamana kama mtu anayetaka kupiga makofi, si vilivyoning'inia kama mpiga kinanda. Mnyama asiwe amebandikwa ngozi juu ya fuvu hadi unahesabu matundu. Ng'ombe wangu hawako hivyo hata wakati wa kiangazi kibaya. Uliza kipimo. Kwa 1:40, ambacho Safari Ltd ilikitumia kwa miaka mingi kwenye sanamu ilizotengeneza chini ya jina la makumbusho ya Carnegie, yule wa Berlin anafikia sentimita 33 kwenda juu na binadamu wa pembeni yake sentimita nne na kidogo. Kentrosaurus atakuwa na sentimita 11. Usilipe kabla hujaona picha ya bidhaa iliyokwisha kutoka kiwandani, maana ile ya matangazo mara nyingi ni mfano uliopakwa kwa mkono. Jumlisha usafiri na ushuru ndipo useme ni rahisi. Kama mfuko umegoma, fundi wa kuchonga mwenye picha ya mifupa ya Berlin kutoka ubavuni na mbele atakufanyia kazi nzuri kuliko sanamu nyingi za dukani, ilimradi umzuie kuongeza ulimi wa kenge. Na mkimtaka mnyama mwenye jina la nyumbani kabisa, waandikieni watengenezaji kuhusu Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa mwaka 2019 kutoka bonde la Rukwa, mwenye pingili za mkia zenye umbo la moyo. Msiposumbua, watu wataendelea kutuuzia Tyrannosaurus.

Kijana wangu ana sanamu nyingine, ya zamani, ya plastiki laini, ambayo kweli miguu yake imepinda nje kama kenge. Alitaka kuitupa. Asiitupe. Chemsha maji, yaepue jikoni, subiri povu litulie, zamisha mguu mmoja mmoja kwa dakika moja au mbili mpaka ulainike, unyooshe chini ya mwili, kisha ingiza kwenye maji baridi huku umeushikilia. Ukiuachia mapema unarudi ulikotoka.