Televisheni ya Chogo na Namna ya Kusoma Ugonjwa Wake

Televisheni ya chogo, yaani ile ambayo nyuma ya kioo chake kuna tyubu nene ya glasi inayoishia kwenye shingo nyembamba, ina sifa moja ambayo televisheni bapa zimeipoteza: karibu kila kazi hufanywa na sehemu yake ya saketi, hivyo sehemu moja inapoharibika, alama ya uharibifu huo hujitokeza kwenye kioo chenyewe. Fundi anayejua kusoma alama hizo hubadilisha vipuri vichache, ilhali anayebahatisha humaliza fedha za mteja kabla hajaufikia ugonjwa.

Ndani ya shingo ya tyubu mna filamenti, uzi mwembamba unaowaka kwa rangi ya chungwa na kupasha joto kathodi tatu, moja kwa kila rangi ya msingi, nazo kathodi zikishapata moto hutoa elektroni, ambazo ni chembe ndogo mno za umeme. Elektroni hizo huvutwa kuelekea kioo kwa umeme mkali, ambao katika tyubu ya rangi ya inchi 21 hufikia takriban volti 25,000, na zinapogonga unga maalumu uliopakwa ndani ya kioo, unga huo hutoa mwanga. Koili zilizovishwa shingoni, ambazo mafundi huziita yoki, huipinda miale ya elektroni hizo kwa upande mara 15,625 kila sekunde na kwa wima mara 50, na kwa namna hiyo picha ya mfumo wa PAL, uliotumiwa Afrika Mashariki, hukamilisha mistari yake 625.

Umeme huo mkali hauishi mara tu swichi inapozimwa, kwa kuwa tyubu imepakwa grafiti ndani na nje, na glasi iliyo katikati ya tabaka hizo mbili huifanya iwe kapasita kubwa, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji. Kabla ya kugusa chochote, fundi huchomoa waya wa ukutani, hufunga bisibisi yenye mpini wa plastiki kwenye waya mtupu unaouzunguka mgongo wa tyubu, kisha hupenyeza ncha yake chini ya kofia ya mpira ya waya mnene unaoleta umeme huo kwenye tyubu hadi asikie mlio mfupi; na baada ya muda hurudia, kwa sababu chaji kiasi hujirudisha yenyewe. Kapasita kuu ya sehemu ya umeme, yenye takriban volti 320, nayo hutolewa chaji kupitia rezista. Asiyefundishwa kazi hii hana sababu ya kufungua kasha.

Televisheni isiyowaka kabisa huchunguzwa kwanza kwenye fyuzi, na hapa namna fyuzi ilivyokatika ina maana kuliko kukatika kwenyewe: glasi iliyopata weusi huonyesha kuwa pana shoti kubwa, mara nyingi kwenye diodi za kugeuza umeme au kwenye transista ya swichi, na kuweka fyuzi nyingine bila kuipata shoti hiyo ni kuchoma fyuzi mbili badala ya moja. Ndiyo maana mafundi wenye busara huunganisha balbu ya wati 60 au 100 kwa mfululizo na waya wa umeme, kwani shoti ikiwa bado ipo, balbu huwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, huku vipuri vipya vikinusurika.

Kama umeme unafika lakini televisheni inalia tik-tik tu, mshukiwa mkuu ni transista inayoendesha flaibeki, yaani transfoma inayozalisha zile volti 25,000. Kuibadilisha ni rahisi, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa transista hiyo huwa imeuawa na kitu kingine: huenda nyaya za ndani ya flaibeki zimegusana, au kapasita ya volti nyingi iliyo kando yake imepungua uwezo, na kwa hiyo umeme umepanda kupita kiwango ambacho transista inaweza kustahimili. Ikiwekwa mpya bila kupima kapasita hiyo, itakufa pia, pengine kabla mteja hajafika nyumbani.

Mstari mmoja mweupe unaokata kioo kwa mlalo katikati humaanisha kwamba sehemu ya wima imesimama. Chanzo mara nyingi ni cha bei ndogo: aisi ya wima, yaani chipu inayoendesha sehemu hiyo, hupata joto jingi, na miaka ya kupata moto na kupoa huacha ufa mwembamba wa mviringo kwenye risasi inayoizunguka pini, ufa ambao pengine hauonekani bila kioo cha kukuzia, lakini hupona kwa kuchomelewa upya. Wakati wa kupima, mwanga hupunguzwa, la sivyo mstari huo utaunguza unga wa kioo daima. Picha ikijikunja juu, kapasita iliyokauka ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Madoa ya rangi pembeni kwa kawaida hayatokani na tyubu kuchoka, bali na sumaku ya spika iliyowekwa karibu, inayotia usumaku kwenye bamba la chuma lenye matundu nyuma ya kioo na kuipeleka miale kwenye rangi isiyo yake. Katika miji ya pwani, vumbi na unyevu wa chumvi huufanya umeme uvuje kwa mvumo kuzunguka ile kofia ya mpira, na dawa yake ni kuisafisha kwa spiriti na kuikausha. Tangu Dar es Salaam izimiwe mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, baadhi ya malalamiko ya kukosa picha huishia kwenye waya wa king'amuzi uliolegea au televisheni ambayo haikuwekwa kwa rimoti kwenye AV, yaani ingizo la king'amuzi.

Tyubu yenyewe ikichoka, picha huchelewa kutokea na nyeupe husambaa kama maziwa yaliyomwagika. Hapo matengenezo hayalipi. Flaibeki na yoki zinaweza kuhamishiwa televisheni nyingine, lakini glasi yenyewe ina madini ya risasi na ndani yake hamna hewa, hivyo haipaswi kupasuliwa kwa nyundo na wauza vyuma chakavu wanaotafuta shaba.