Macho ya Wanafunzi Huelekea Wapi?

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kingolwira anayelitoa Darasa la Tatu nje ili lijifunze sura ya nchi. Awasimamisha watoto uwanjani. Upande wa kusini imeinuka milima ya Uluguru. Kwingineko ipo barabara kuu iendayo Dar es Salaam. “Tazameni milima,” asema. Mara lori lapiga honi, na vichwa vyote vyageuka. Wapo walimu ambao wangeshika fimbo. Sisi twaona kwamba kosa, kama lipo, ni la mwalimu ambaye hakubashiri.

Jicho la binadamu huona kwa ukali sehemu ndogo mno, yapata digrii 2, yaani kiasi cha upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyoshwa. Kwingine kote huona kwa ukungu. Ndiyo sababu jicho huhamahama, kama mara tatu kila sekunde, na kila lihamapo huacha jambo jingine.

Siku hizi swali hili limewashughulisha pia mafundi wa video za mzingo, zile zimzungukazo mtazamaji kwa digrii 360 avaapo kifaa cha machoni. Kwa wakati mmoja yeye huona yapata digrii 100 tu. Sehemu kubwa imo nyuma yake. Kuipitisha picha nzima kwenye intaneti ikiwa safi ni gharama ya bure. Basi mtambo hukisia atakakogeukia, ukapeleka sehemu hiyo ikiwa safi na nyingine zikiwa hafifu. Ukikosea, mtazamaji hugeuka akakuta ukungu.

Hukisia kwa dalili gani? Kubwa ni mwendo wa kichwa chenyewe: aliyeanza kugeukia kulia yaelekea ataendelea kulia kwa muda wa sekunde moja hivi. Baada ya hapo makisio hudhoofika upesi. Tena watu hutazama usawa wa macho kuliko angani au miguuni. Huvutwa pia na nyuso, na vitu viendavyo, na sauti. Lori letu lilikuwa na mwendo na sauti pamoja. Mlima haukuwa na kimojawapo.

Lakini mwalimu anacho chombo cha nguvu, nacho ni swali. Mtaalamu wa Urusi, Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1967, alimwonyesha mtu picha ile ile mara kadhaa. Alipomtaka akisie umri wa watu waliomo, macho yalikwenda nyusoni. Alipomtaka akisie hali yao ya mali, yalikwenda kwenye nguo na vyombo vya nyumbani. “Tazameni milima” si swali. “Msitu unakomea wapi, na mashamba yanaanzia wapi?” ni swali, na lori likipita watoto watarudi wenyewe.

Katika mazoezi ya kufundisha, mmoja wenu na akae kando ya darasa. Kabla ya somo aandike ni wapi macho yataelekea kila zana itakapotolewa, kisha ahesabu vichwa.